Mikorosho Isiyoshikwa na Mtu

Kitangari,
14 Aprili 2024

Vitalis mwanangu,

Huku hatujambo, ukiacha mafua ya mvua hizi za mwisho na mguu wa mama yako mdogo Severina. Ukimuuliza atakwambia umepona, ukimtazama anavyokwenda uani unaona kabisa ni uongo. Arobaini ya mjomba wako Erasto tumeimaliza salama. Misa ilisomwa, watu walikula wakashiba. Mjane wake amechukua watoto amerudi kwao Ndanda, na nyumba tumeifunga.

Usinitafute kwa simu. Imetumbukia kisimani nikichota maji, tena ikazama huku inaita. Severina alicheka mpaka akakaa chini. Kisima kimejaa mwaka huu, simu iko chini huko, na maji tunayanywa hivyo hivyo. Kwa hiyo utaandika. Barua mpe Faruku mwenye gari la Noah, anapita hapa akienda na akirudi.

Sasa hilo lililonikalisha niandike. Juzi nipo dukani nanunua chumvi, Faruku kaja kusema mbele ya watu wote: "Mama Vitalis, mwanao kaniambia stendi kazi yake ni kuzoa taka za kompyuta." Nikasema nini? Akarudia. Yesu na Maria! Niliduwaa pale, chumvi mkononi, mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Korosho za mjomba wako na cherehani yangu ndivyo vilivyokusomesha. Miaka yote ile nimeshona sare za watoto wa watu mpaka macho yakaingia ukungu, kumbe wewe umekwenda kuzoa taka? Na hiyo kompyuta inakula nini hata itoe taka?

Nijibu vizuri. Usinijibu kwa mkato kama mnavyojibiana kwenye simu.

Mama yako mkubwa,
Bibiana


Masasi,
2 Mei 2024

Mama mkubwa, shikamoo. Na Mama mdogo shikamoo yake, na pole ya mguu.

Mimi mzima. Masasi joto limepungua kidogo, maembe hakuna, kazi ipo. Samahani sikufika arobaini ya mjomba. Wiki ile nilibanwa sana.

Nimecheka peke yangu ofisini, bosi wangu Bwana Mudathiri akanishangaa. Mama mkubwa, taka hizo si za fagio. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana hata mimi niliposoma historia yake nilishtuka.

Mnamo mwaka 1959, kwenye chuo kimoja cha Marekani, kulikuwa na watu wanatengeneza lugha ya kuiamrisha kompyuta. Mashine yao ilijaza chumba, lakini kumbukumbu yake ilikuwa ndogo mno. Picha moja unayopiga leo kwa simu isingeingia humo. Zamani hizo fundi akimaliza kutumia kitu ilibidi akitoe kwa mkono wake mwenyewe. Akisahau, mashine inajaa na kazi inasimama. Akikitoa mapema, ameharibu, kwa sababu kitu kingine bado kilikuwa kinakihitaji.

Mkubwa wao akaja na wazo. Tuache vitu vijae. Nafasi ikiisha, mashine yenyewe isimamishe kazi, ianzie kwenye vile ambavyo programu imevishika mkononi. Hivyo huitwa mizizi. Kutoka hapo ifuate: hiki kimeshika kile, kile kimeshika kingine, na kila inachokifikia ikitie alama. Mwisho, chochote kisicho na alama ni taka, na nafasi yake anapewa mwingine.

Basi siku moja wanaionyesha mashine kwa wageni wakubwa wa viwanda. Katikati ya maonyesho nafasi ikaisha. Mtambo wa kuchapa ukaanza kujichapia wenyewe kwamba mzoa taka ameitwa, na takwimu zake za kupendeza ni hizi hapa! Wageni wakaangua kicheko, wakadhani wanafanyiwa mzaha. Muda ukaisha, maonyesho yakawa yamekwenda na maji.

Mwaka uliofuata mtu mwingine akaleta njia yake. Yeye alisema kila kitu kijihesabie mikono iliyokishika, mikono ikiisha kiondoke. Nzuri, lakini baada ya muda ikaonekana ina tundu. Vitu viwili vikishikana vyenyewe kwa vyenyewe, hata dunia nzima ivisahau, havitoki kamwe. Kila kimoja kinasema, mimi nimeshikwa.

Hiyo ndiyo kazi yangu, Mama mkubwa. Usione aibu dukani.

Mwanao,
Vitalis


Kitangari,
26 Mei 2024

Vitalis,

Marahaba. Severina naye kaitikia kutoka kitandani, kwa sauti ili ujue ni mzima. Mbaazi zimetoa maua, muhogo tunao, ming'oko, vile viazi vya porini, watoto wanachimba na kutuletea. Mwaka huu mikorosho ina majani mazuri kweli, Mungu akitujalia tukapata dawa ya salfa mapema.

Barua yako nimemsomea Severina mara mbili, maana ya kwanza alinikatiza kila mstari. Tumeshtuka. Nafasi yake apewe mwingine! Hata hawamuulizi? Mtu kanyamaza tu kwa sababu hajaitwa, unamwita taka? Jamani nyie watu wa kompyuta mna roho ngumu.

Hao wawili walioshikana ndio hasa walionigusa. Severina akasema, "Si ndiyo sisi hao?" Na kweli. Ule mwaka wa kuandikishwa na Umoja wa Wakulima tuliulizwa kila mtu na mtu wake wa karibu. Mimi waume walishanizika, au mimi niliwazika, sijui tusemeje. Nikasema mtu wangu ni Severina. Yeye akasema mtu wake ni Bibiana. Karani akacheka akaandika. Na mjomba wako Erasto akasimama mbele yetu, kama anavyosimama kaka wa mtu huku kwetu, akasema hawa dada zangu, na shamba hili la mama yetu wanalima wao. Yakaisha.

Sasa wewe unatumia njia ipi, ya kuhesabu mikono au ya alama? Na taka za nani unazozoa? Hilo hukulisema, nimeliona.

Bibiana


Masasi,
19 Juni 2024

Mama mkubwa, shikamoo,

Nilikuwa na homa wiki mbili, nimepona. Nyumba niliyopanga imepata umeme wa uhakika. Nawaombea afya wote wawili.

Natumia njia ya alama. Lugha nyingi za siku hizi zimefuata hiyo, ndiyo maana nakusimulia kwa fahari. Lakini nikumalizie hadithi. Miaka ile ile ya sitini, huko Norwei, kwenye ofisi moja ya mahesabu, kulikuwa na wawili wanataka kompyuta iige mambo ya kweli: foleni za watu, meli bandarini, kazi za kiwandani. Wakaona ukiandika amri moja ndefu kama gari la moshi utachoka. Wakasema, kila kitu kiishi chenyewe. Meli ijue uzito wake na ijue kutia nanga. Mteja ajue jina lake na ajue kupanga foleni. Na vitu vya aina moja viwe na kielelezo kimoja vinachokifuata. Kufikia mwaka 1967 walikuwa na lugha kamili ya namna hiyo, na kwa sababu vitu vilikuwa vinazaliwa na kuondoka kwa wingi, nao pia walihitaji mzoa taka ndani yake. Miaka ya sabini, huko Kalifornia, wengine wakaenda mbali zaidi, wakasema kila kitu ndani ya mashine ni kitu hai, na vitu havigusani, vinatumiana ujumbe na kujibiana. Hapo nilikukumbuka wewe.

Nami nimefanya hivyo hivyo. Kampuni yetu imepewa kazi na Umoja wa Wakulima wenu. Kila mkulima nimemfanya kitu, kila shamba kitu. Shida yao ni mashamba yaliyoachwa. Wenyewe wamekufa au wamehama, mikorosho imekuwa pori, ule ugonjwa wa ubwiri unga unaota humo na kurukia mashamba ya jirani. Basi programu inaanzia kwa wakuu wa kaya, inafuata mke, inafuata watoto, inafuata mashamba. Lisilofikiwa linahesabika limeachwa, anapewa mtu mwenye nguvu alihudumie. Mfano wa familia niliutoa kwenye kitabu chetu cha chuo, baba, mama na watoto. Umekaa vizuri sana.

Uzoaji wa kwanza umepita mwezi huu. Viongozi walipiga makofi, Bwana Mudathiri akanipa mkono mbele yao. Ningependa mjomba angeniona.

Mwanao,
Vitalis


Kitangari,
9 Julai 2024

Vitalis,

Salamu zitangulie. Sisi wazima. Severina hajambo hajambo tu.

Jana asubuhi nipo jikoni nasikia mashine inanguruma shambani. Nikadhani ni jirani. Nikatoka. Mwanamume simjui, kabeba mashine ya kupulizia mgongoni, kitambaa puani, anapulizia salfa mikorosho ya mama yangu! Safu mbili alikwisha kuzimaliza. Nilipiga ukelele ambao sijaupiga tangu nazaa mtoto wangu yule aliyefariki. Nikaingia ndani nikatoka na panga. Alikimbia na mashine mgongoni, mabomba yanampiga masikioni, anasema, "Shikamoo mama! Shikamoo mama! Nimepewa!"

Umepewa na nani? Akasimama mbali akanionyesha karatasi ya Umoja. Anaitwa Filemoni, ametoka Lukuledi, ameoa huku. Namba ya shamba kwenye karatasi yake ni namba yetu, Vitalis. Hiyo hiyo aliyosimamia mjomba wako.

Nikaenda ofisi ya Umoja na vumbi langu miguuni. Binti wa pale akabofya, akabofya tena, akaniambia, "Mama, hupo." Sipo wapi? "Hupo." Nikamwambia binti, nimesimama hapa jasho langu linadondokea meza yako, unaniambia sipo? Akaona haya, akamtafuta Severina. Naye hayupo. Mjomba wako yupo, kaandikwa marehemu.

Nilipomweleza Severina akauliza, "Kwa hiyo nimekufa, au sikuzaliwa?"

Wanasema pingamizi litasikilizwa Newala mjini, tarehe 14 Septemba. Asimame mtu wa ukoo aseme anatujua. Asiposimama mtu, shamba ni la Filemoni. Hilo ndilo shamba alilotuachia mama yetu, hatuna jingine, unajua.

Wewe ndiye mwenye mashine. Niambie ni nini hiki.

Bibiana


Masasi,
20 Agosti 2024

Mama mkubwa, shikamoo,

Barua yako ilinifikia mapema, nilichelewa kujibu. Poleni sana.

Kumetokea hitilafu kwenye mfumo. Kifo cha mjomba kilipoingizwa, yeye akatoka kwenye mizizi. Kwenye familia ya mfumo kuna mke, mume na watoto. Mahali pa dada hapakuwekwa, wala pa mpwa. Kwa hiyo wewe na Mama mdogo mmeshikana, ndiyo, lakini ukianzia kwenye mizizi hakuna mkono unaowafikia. Ile njia nyingine ya kuhesabu ingewaacha mbaki. Hii ya alama haijali nyie kushikana.

Nimejaribu kuwarudisha, kutwa nzima, siku nyingi. Haiwezekani kwa mashine. Nafasi yenu imeshaandikwa Filemoni, na mashine ikishaandika juu ya kitu haikumbuki kilichokuwepo. Si nyie tu. Wapo wanawake wengi, vijiji vingi, wote walioandikwa chini ya kaka na wajomba waliofariki.

Bwana Mudathiri hataki lisemwe mpaka mkataba wa mwaka ujao usainiwe. Kuna jambo nakuomba na naomba usinikasirikie. Siku ya pingamizi, wakiuliza, usiseme mimi ni mwanao. Wakijua, watasema nilipanga au nilipendelea, na nitafukuzwa.

Vitalis


Kitangari,
25 Agosti 2024

Vitalis,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Severina sijamsomea. Nimemwambia umeandika salamu.

"Mahali pa dada hapakuwekwa." Hapakuwekwa na nani? Upepo? Wewe umelelewa na nani, na baba wa kwenye kitabu? Mama yako Agatha alipofariki nani alikubeba, na nani alikwenda shuleni kusema huyu mtoto wetu? Erasto. Kila mtu juu ya mlima huu anajua mtu anaingia ukoo kwa mama yake na kaka wa mama yake. Wewe peke yako umesahau, na ndiwe uliyepewa kuandika.

Safu mbili alizopulizia Filemoni zinatoa maua safi. Zetu zimeanza weupe wa ubwiri.

Tarehe unaijua.

B.


Masasi,
6 Septemba 2024

Mama mkubwa, shikamoo.

Nakiri yote uliyosema. Tarehe hiyo Bwana Mudathiri ananituma Mtwara, kwa wenye mkataba. Nimemwomba aahirishe, amekataa. Sikulala nikifikiri.

Nimeanza kuandika upya sehemu ya familia. Nimeweka mahali pa mama, pa dada, pa mjomba na pa mpwa. Inachukua muda kwa sababu naifanya baada ya kazi, bila wao kujua.

Mwombe Padri aje awasimamie. Tafadhali.

Vitalis


Kitangari,
16 Septemba 2024

Vitalis,

Sisi wazima. Severina alitaka kwenda hata kwa kubebwa, nikakataa, akanuna. Padri alikuwa safarini.

Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti akasoma namba yetu, akauliza nani wa ukoo anawajua hawa kina mama. Nikatazama mlangoni. Nilijua uko Mtwara, nikatazama hivyo hivyo. Hakusimama mtu. Akauliza tena, akaanza kufunga faili.

Akasimama Filemoni! Nikasema basi, anakuja kudai. Akasema, "Mwenyekiti, mimi namjua huyu mama. Alinifukuza na panga. Mtu hakufukuzi namna ile kwenye shamba lisilo lake." Watu wakacheka. Mwenyekiti akamwambia, wewe si wa ukoo wake, tena ndiwe uliyepewa. Filemoni akajibu, "Basi aje huyo wa ukoo aseme. Kama hayupo, nimesema mimi." Akaenda mbele akaweka karatasi yake mezani, akarudi kukaa. Mke wake alikuwa amejiinamia, maana walishakopa mashine ile ya kupulizia.

Baada ya hapo akasimama mama mwingine nyuma, akasema, na mimi wameniambia sipo. Akasimama mwingine. Na mwingine. Vitalis, nusu ya ukumbi ilisimama. Viongozi walipigwa na butwaa, wakawa wanatazamana kama watu walioingia nyumba isiyo yao. Wamesimamisha kila kitu mpaka wote tuandikwe upya kwa mkono, mbele ya majirani. Sisi tumeandikwa jana. Shamba limerudi kwetu. Nimemwambia Filemoni korosho za zile safu mbili avune yeye.

Wakati wa kuandikwa, mmoja wa wakubwa waliotoka mjini akaniuliza, "Mama, una mtoto yeyote? Wa kuzaa au wa kulea?" Watu wa Kitangari walikuwepo. Faruku alikuwepo. Wote wananiita Mama Vitalis, wewe unajua. Wakanitazama.

Nikasema sina.

Akauliza tena, labda sikusikia. Nikasema, baba, nimesema sina. Faruku akatoka nje. Nimefanya ulivyoniomba, na kazi yako ipo. Nilipofika nyumbani Severina akaniuliza nimewataja kina nani, nikamweleza. Alilia, mwanangu, kuliko siku ile aliyoambiwa hayupo.

Karani ameacha mstari mmoja wazi chini ya jina langu. Kitabu wanakifunga Ijumaa.

Barua hii usiijibu. Njoo.

Mama yako,
Bibiana